Kinyoya Kilichoanguka Katikati

Mwezi uliopita nilikwenda Woolwich, huku London, kumsaidia mama kufunga vitu vyake, maana kaunsili imeamua kulibomoa jengo letu la zamani. Kwenye kabati la juu jikoni, nyuma ya masufuria ya Idi, nikakuta sahani ya bati yenye maua ya buluu yaliyochubuka. Si yetu. Ni ya jirani yetu wa mlango wa pili, yule mama wa Kiindonesia, na ilibaki kwetu kwa sababu siku aliyohama mama alikuwa hajapata cha kuijazia. Kwetu Mombasa sahani ya jirani hairudi tupu, na kwao ni hivyo hivyo, kwa hiyo sahani zilipita korido ile miaka nenda miaka rudi bila mtu kukumbuka nani alianza. Nikakaa juu ya boksi na sahani mapajani, mpaka mama akanifokea kwamba hakuniita nije kuota ndoto.

Ngoja nikueleze kuhusu huyu jirani, maana ungemwona usingemdhania. Ungekutana naye kwenye ngazi miaka ile ya mwisho wa tisini ungeona mwanamke mfupi, mtandio wa kijivu, koti jeupe la wapishi wa shule, na mifuko miwili ya sokoni iliyomvuta mabega. Ungempisha, basi, ukaenda zako. Kumbe alikuwa amecheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, kwa ajili ya nchi yake, mchezo wa wawili wawili, mbele ya watu waliopiga makelele mpaka taa zikatikisika. Kwao, alituambia, mchezo huo ndio kandanda yao. Watoto huchora mistari uchochoroni kwa chokaa, hufunga kamba ya kuanikia nguo badala ya wavu, na mwenye raketi ndiye mwenye mtaa.

Alichukuliwa kwao akiwa na miaka kumi na mmoja, akapelekwa kambi ya mazoezi mji wa mbali. Huko kocha aliwapanga wasichana mstari mmoja, akamsimamisha karibu na msichana mwenye miguu mirefu ambaye hakuwahi kumwona, akasema, "Kuanzia leo huyu ndiye nusu yako." Hakuulizwa. Wakalala chumba kimoja, wakala meza moja, wakafuliana nguo, wakauguzana, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyeingia uwanjani bila mwenzake. "Hata mume wangu sikukaa naye miaka hiyo," alikuwa akisema, na mama yangu alicheka mpaka akalowesha mtandio kwa machozi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa tulipojuana naye, na nilikuwa mtoto wa maswali. Mama aliniita inspekta. Alinisemesha Kiswahili nikamjibu Kiingereza, kama watoto wote wa jengo lile, lakini maswali yangu yalimchosha kwa lugha zote mbili. Nilitaka kujua kwa nini tambi za jirani zilikuwa tamu na kali kwa pamoja, kwa nini lugha yake ilikuwa na "dunia" na "sabuni" kama yetu, na kwa nini aliacha maharage yaote ukungu mweupe kisha akayakaanga, sisi tukayala na kuomba mengine. Mama aliponikemea nilimjibu kwamba kuuliza si ujinga, jambo alilonifundisha mwenyewe. "Si ujinga," akasema, "lakini kuna wakati wake."

Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake kufanya kazi niliyoipenda kuliko zote. Jirani alichemsha birika, akanipa kopo refu la vinyoya, nami nikalishika juu ya mvuke huku nikihesabu mpaka kumi. Manyoya ya bata bukini yakikauka hukatika kwa pigo moja, alinieleza, lakini yakinywa mvuke kidogo hudumu asubuhi nzima. Jiko lilijaa harufu ya manyoya mabichi, vitunguu vya kukaanga na chai ya tangawizi. Kisha tulishuka pamoja mpaka ukumbi wa michezo wa mtaa, ambako alitufundisha watoto kumi na wawili wa kila rangi, kwenye sakafu yenye mistari mingi kiasi kwamba ilibidi utafute wako.

Alinipanga na msichana wa Kikongo wa ghorofa ya tatu. Tulikuwa wabovu kwa namna moja ya ajabu. Mpira wa juu tuliupata, wa chini tuliupata, lakini kinyoya kilichokuja katikati yetu kilianguka chini huku sote tukikitazama. Mama yangu alinilea nisinyakue kitu mbele ya mwenzangu, na mama yake, mwimbaji wa kwaya, alimlea vivyo hivyo. Kwa hiyo tulipishana uwanjani kama wageni mlangoni. Jirani akajishika kichwa. "Adabu iacheni pale kwenye makoti!" akapaza sauti. "Anayekitaka aseme: yangu! Akishasema, mwingine anaondoka. Hata kama ameona atakosea, anaondoka." Yeye mwenyewe alipocheza nasi hakusema yangu, alisema kwa lugha yake, "Saya!", kinywa wazi, na sauti ikagonga dari.

Sasa, chini ya televisheni yake kulikuwa na mikanda ya video, na mmoja ulikuwa wa fainali yao kubwa ya mwisho. Mama alipokuwa shifti ya hospitali, mimi nilikaa kwa jirani baada ya shule, naye akinikuta nautazama hakunikataza, ila alikwenda jikoni. Ulikuwa nakala ya nakala. Sauti ilikuwa imekufa, picha zikitetemeka kama ziko chini ya maji. Lakini niliwaona: jirani yangu mwembamba, nywele fupi, na yule mwenye miguu mirefu nyuma yake, wakizunguka kama watu wawili wanaotandika kitanda kimoja. Walikuwa wanashinda. Kisha pointi moja ya mwisho mwisho, kinyoya kikapanda, kikaja polepole katikati. Jirani akainua raketi, halafu akaishusha. Kikaanguka karibu na mguu wake wa kulia. Baada ya hapo hawakupata tena hata pointi moja.

Hadithi yote ya maisha yake ilikuwa hapo, nami niliijua kwa kuokota vipande. Magazeti ya kwao yaliandika kwamba alishikwa na hofu. Wakubwa wa timu wakamwondoa, wakampa mwenzake msichana mdogo zaidi, na mwenzake akaendelea kushinda miaka kadhaa, mpaka akawa kocha wa vijana. Jirani yangu akatafuta kazi nje, akaishia kupika viazi vya shule Woolwich. Nilimwuliza mara ngapi sijui, "Lakini kwa nini uliacha kianguke?" Kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Mchezo wa wawili, pointi hupotezwa na wawili." Nami sikuridhika. Mama akaniambia siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nikasema moyoni, basi nitakuwa kata.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawakugombana. Kila Jumapili baada ya adhuhuri jirani alinunua kadi ya simu, akampigia mwenzake, na ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia vicheko. Walicheka vicheko vya wasichana wa shule. Mama alikuwa akisita na mwiko mkononi kusikiliza, ingawa hakuelewa neno, akasema, "Huyu Mungu amempa ndugu." Siku nyingine zote za juma jirani alikuwa mtu mkimya.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, jioni moja, nikiutazama mkanda ule labda kwa mara ya thelathini. Sijui kwa nini siku hiyo sikumtazama jirani. Nilimtazama yule wa nyuma. Nikarudisha, nikatazama tena, nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kinyoya kinashuka, na kinywa cha mwenzake kinafunguka, mara mbili, wazi, vile vile nilivyokiona kila Jumamosi. Saya. Alikuwa ameita. Ameita, jirani akashusha raketi kama inavyopasa, na aliyeita hakwenda.

Nilifurahi, sikufichi. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho nchi nzima haikukiona, na kitu chenyewe kilikuwa haki ya mtu niliyempenda. Sikumwambia siku hiyo. Nilikihifadhi kama zawadi, nikisubiri siku ya kukitoa.

Siku ikaja upesi. Mwenzake alileta vijana wake kushindana mji mwingine wa Uingereza, akapata siku moja ya kupanda treni aje London. Jirani alipika siku mbili. Aliazima sufuria letu kubwa, akakuna nazi, akakaanga chipsi za kamba wa baharini mpaka korido nzima ikanukia, akatualika mimi na mama. Mgeni alikuwa mrefu bado, nywele zimeingia mvi, na walipokumbatiana mlangoni hawakuachana mpaka mama akaanza kuangalia viatu vyake. Wakala kwa kupakuliana. Mmoja akinyoosha mkono, mwingine ameshasogeza bakuli. Sijawahi kuona watu wanakula vile.

Baada ya chai mgeni akaona mikanda. "Bado unayo?" akauliza kwa Kiingereza, kwa heshima yetu.

"Ninayo, lakini mashine imeharibika," jirani akasema.

"Haijaharibika!" nikasema mimi. "Jana nimeitumia."

Mama akanikanyaga chini ya meza. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa hata na mwenyewe. Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya televisheni, nimeusukuma mkanda ndani, nimeupeleka mbele mpaka pale pale, kwa maana nilipajua kama njia ya shuleni. Nikasimamisha picha. Ilitetemeka, lakini ilionekana. Nikaweka kidole juu ya kile kinywa.

"Tazama, anti," nikamwambia mgeni. "Hapa umeita. Umesema saya. Kwa hiyo yeye hakuogopa. Alikuachia."

Nilimgeukia jirani nikitegemea uso wa furaha. Alikuwa ameangalia vikombe. Mgeni aliinuka, akaja akachuchumaa kando yangu, akaitazama picha ile muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu, "Miaka yote hii nimejiambia sikufungua kinywa." Jirani akanena maneno machache kwa lugha yao, taratibu, akauchukua mkono wake. Mgeni akautoa ule mkono. Si kwa hasira, aliutoa tu, akauliza treni ya kabla ya ile yake inaondoka saa ngapi.

Mama alinirudisha nyumbani kwa kunishika kiwiko. Sikupigwa. Alikaa kitandani kwangu na mtandio wa kutokea bado kichwani, akaniuliza, "Wewe mwana, nani alikutuma?" Nikalia, nikasema nilisema kweli. "Wajua kweli ni nyingi?" akasema. "Na hiyo ilikuwa na wenyewe, wawili, na wameila miaka kimya kimya. Wewe umeipakua kwenye sahani mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata tulikuwa jikoni, mimi na mama, tukijifanya tunachambua mchele. Ukuta haukusema kitu. Wala Jumapili iliyofuata, wala baada ya Ramadhani, wala mwaka uliokuja.

Jirani hakunifungia mlango. Sahani ziliendelea kwenda na kurudi, kaimati zikaenda, ndizi za kukaanga zikaja. Ila Jumamosi nilikuwa siitwi tena, mpaka siku moja mama alinituma na bakuli nikamkuta birika linachemka, kopo liko mezani. Akanisogezea kopo. Nikalishika juu ya mvuke, nikahesabu, na nilipofika saba akasema, "Uliona vizuri. Makocha wangu wote hawakuona." Nikamalizia nane, tisa, kumi. Akaendelea huku akikunja taulo, "Siku ile baada ya mechi nilikuwa na vitu viwili, jina langu na yeye. Nisingeweza kubaki na vyote, nikachagua. Sasa wewe umenirudishia jina." Akaweka taulo ndani ya mkoba, akaupandisha begani. "Nifanye nalo nini hapa Woolwich?"

Nilicheza miaka mitatu zaidi, mimi na yule wa ghorofa ya tatu, tukajifunza hatimaye kuita, na mara mbili tukashinda mashindano ya shule za mtaa. Jirani alitupigia makofi kwa nguvu. Kisha mgongo ukamsumbua, baridi ikamsumbua zaidi, akauza alichoweza kuuza akarudi kwao. Nilikuwa chuoni, sikumuaga. Ukumbi ule sasa ni maghorofa yenye vibaraza vya vioo, na hata ungenipa mkanda ule leo sina mashine ya kuuchezea. Wale watoto kumi na wawili siwajui walipo isipokuwa mmoja, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Tooting, na tukionana tunazungumza habari za watoto wetu.

Nimeona aibu miaka mingi kwa jambo lile, na bado naona. Lakini nikikwambia ukweli, chini ya aibu udadisi haujafa. Nataka kujua kama walizungumza tena. Kama alipofika kwao mwenzake alimpokea, kama kuna Jumapili moja walikaa upande mmoja wa ukuta wakacheka. Jirani alikufa miaka miwili iliyopita, mwanawe alimpigia mama. Mama alizungumza naye saa nzima, mlango umefungwa, akatoka amefuta macho, na najua aliuliza na alijibiwa, kwa sababu jioni ile alipika kwa kuimba. Tangu hapo nimekaa naye jikoni mara nyingi, sisi wawili tu, swali liko mdomoni. Sijamwuliza.