Seva Iliyokataa Salamu za Bir Zwita

Nejiba si mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Hata mkate wa moto atauminya kwanza. Kwa miaka kumi na tisa amelinda mitandao ya hospitali akiwa hapa Gabes, kusini mwa Tunisia. Seva yake kuu hupokea tahadhari kutoka kwa seva ndogo za miji ya mitendeni: umeme umekatika, laini imekufa, jokofu la damu limepata joto.

Zamani tahadhari hizo zilikuja wazi, kama mtu anayepiga kelele sokoni. Yeyote aliyejua njia aliweza kutuma ya uongo. Na mwaka juzi, siku ya Idi, mpumbavu mmoja akatuma mia mbili! Watu wakachoka kukimbizana nazo, ile moja ya kweli ikapuuzwa, na damu yote ya Bir Zwita ikaharibika. Nejiba alilia, sikufichi, akaapa hayatatokea tena.

Ndiyo maana Ijumaa ile alikuwa akiunganisha Bir Zwita kwa njia mpya, ya jina na neno la siri. Njia ya zamani ilikuwa imeshafungwa asubuhi. Mpaka mpya ifunguke, majokofu ya kule hayakuwa na wa kuyasikia, na saa sita mafundi wangekwenda msikitini, kisha makwao hadi Jumatatu.

Neno lenyewe alilituma kwa mkono wa dereva wa ambulansi, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtunza stoo wa kule, Ami Mongi. Sasa walikuwa kwenye simu.

"Imekataa tena, ami. Umeandika sawasawa kweli?"

"Mara sita, binti yangu! Vidole vimeota sugu."

"Hebu nisomee herufi ya kwanza."

"Kwenye simu? Thubutu! Si wewe uliyeandika juu ya bahasha kwamba ni siri?"

Nejiba akacheka huku jasho likimtoka. Saa tano na nusu. Na mashine ya kule, neno la siri likiandikwa, huonyesha vidoti tu.

"Basi andika jina lako, mahali panapoonekana."

Ami Mongi akasikika akibonyeza. Kisha: "Loo! Imenibatiza! Nabonyeza M, inatoa nukta mkato. Mimi sasa ni Bwana Nukta Mkato!"

Nejiba akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kibodi! Za kwetu ni za Kifaransa, na yeye mwenyewe, kwa haraka zake, aliiandaa seva ile kwa kibodi ya Kiingereza. Ukibonyeza A, inaandika Q. Maskini Ami Mongi, asubuhi nzima kasingiziwa bure.

"Nisamehe, ami, kosa ni langu." Akamwelekeza namna ya kuibadili. "Andika upya, kisha ukafungue mlango wa jokofu la pili, tujaribu kama tahadhari inafika."

Hapa ndipo mimi hushikwa na bumbuwazi, na Nejiba pia, pamoja na usomi wake wote. Lile neno halipiti mtandaoni kamwe! Seva ya kule hulichanganya na ujumbe, ikatoa muhuri. Ya huku hutengeneza muhuri wake, ikalinganisha. Ikikosewa herufi moja tu, mlango haufunguliwi. Kilomita zaidi ya mia za chumvi na mchanga, na mashine mbili zinatambuana kwa siri ambayo hakuna inayoitamka. Subhanallah!

Mstari wa kijani ukatokea. Muhuri sahihi. Bir Zwita, jokofu la pili, nyuzi saba, joto limezidi.

"Imefika! Hongera, ami! Haya, funga mlango, jaribio limetosha."

"Jaribio gani? Mimi sijainuka hata kitini."

 Nejiba akafungua orodha ya tahadhari zilizokataliwa. Tahadhari ile ile, kila dakika, kwa dakika tisa. Kumbe njia hii mpya, isipojibiwa, hurudia.

"Ami, kimbia! Jokofu limekufa kweli!"

Alisikia kiti kikianguka, funguo, wauguzi wakiitana. Akasimama na simu sikioni, hajui hata anaomba dua gani. Hatimaye Ami Mongi akarudi akihema.

"Mifuko kumi na minane. Tumeihamisha yote, bado ya baridi. Binti yangu? Upo?"

Nejiba alikuwa anaitazama skrini, machozi yakimtoka. Chini ya ile tahadhari, seva yake ilikuwa imeijibu ya Bir Zwita: imepokelewa.

"Nipo, ami," akasema. "Tumewasikia."