Baba Alisema Jua Halivuti

Baba yangu hakukubali kwamba jua linavuta dunia. Kwamba dunia inazunguka jua alikubali, na Mungu aliyeviumba vyote viwili alimwamini, ila mvutano aliukataa katakata. Alikuwa amefundisha fizikia kwa Kifaransa kwa miaka mingi huko kwetu Kivu ya Kusini, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa. Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi nchini Uganda, alilima mahindi na maharage, na jioni alitufundisha mambo ya angani, tupende tusipende.

Ubishi wake ulianza na ng'ombe. Kwetu, juu milimani, ng'ombe hafungwi kamba. Mchungaji hutembea pembeni, anapiga mluzi, anazuia huku na kule, na kundi linabaki katikati. Nakivale kila upande kulikuwa na shamba la mtu, kwa hiyo tulipompata ng'ombe wetu wa kwanza ilibidi afungwe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo. Baba alipigilia mti ardhini, akakaza kamba kwa fundo la nguvu, akaenda shambani. Tuliporudi tulimkuta ng'ombe amezunguka mti upande mmoja tu, kamba yote imejiviringisha, pua imebanwa pale pale kwenye mti, majani hajagusa. Majirani zetu Warundi walicheka hadi wakakaa chini. Wao walijua siku zote kwamba kamba hufungwa kwa kitanzi kilegevu, kinachozunguka pamoja na mnyama.

Mtu mwingine angejifunza kufunga kitanzi. Baba alijifunza kwamba jua halina kamba.

"Kitu yenye banavuta inaishiaka fasi ya mwenye kuvuta," alituambia tukiwa tunakula. "Dunia ingekuwa imeshafika ku jua zamani. Haivutwe. Inasukumwa, na ile nguvu inatokaka inje."

Kwa maelezo yake, anga limejaa vitu vidogo mno visivyoonekana, vinavyopiga kila kitu kutoka pande zote. Upande wa jua vinazuiwa na jua lenyewe, kwa hiyo dunia inasukumwa zaidi kutoka nje, na mbio zake ndizo zinazoifanya izunguke badala ya kwenda moja kwa moja kwenye jua. Ushahidi wake ulikuwa ng'ombe wawili wa jirani, ambao mvua ya upepo ikinyesha husimama ubavu kwa ubavu. Alitutoa nje, tukalowa chapachapa, ili tupitishe mkono katikati yao. Mbavu za ndani zilikuwa kavu. Mama alisema tutakufa kwa kifua, lakini kavu zilikuwa kavu.

Alichotaka baba kilikuwa kitu kimoja: mtu aliyesoma amsikilize hadi mwisho. Wazee wa kanisa waliitikia "Amina" wakahamia habari za kwaya. Wafanyakazi wa misaada walimwambia pole mzee, wakamwuliza kama amepata sabuni. Wengine walitabasamu tu. Tabasamu zile zilimuumiza kuliko matusi, niliona, na mimi mwenyewe nilianza kumwonea aibu.

Nilipomaliza kidato cha nne niliitwa Mbarara kwa mahojiano. Shule moja ilikuwa na nafasi ya msichana mmoja kusoma sayansi bila kulipa ada. Baba alinisindikiza. Tukiwa juu ya lori la mahindi alinigeukia.

"Bakikuuliza juu ya jua na dunia, utabaambia yangu."

"Papa, nitakosa fasi."

"Sema ya kitabu kwanza. Kisha sema yangu. Yote."

Nilikasirika hadi mjini. Niliona anacheza na maisha yangu.

Aliyenihoji alikuwa mwalimu wa fizikia, mama mmoja Mganda, mke wa mwanajeshi, aliyeishi kambini huko huko Mbarara. Kiingereza changu kilipokwama alihamia Kiswahili cha kambi yao. Na kweli akauliza: ni nini kinachozuia dunia isipotelee mbali na jua? Nikatoa jibu la kitabu. Aliandika kitu, akaonekana ameridhika. Ningeweza kuishia hapo. Dirishani nilimwona baba amekaa kwenye ngazi na koti lake la kanisani, kofia mapajani, anatazama mlango.

Nikasema kwamba baba yangu ana jibu lingine. Nikaeleza yote, tangu kamba hadi mvua. Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakutabasamu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mvua nanyesha, wewe nakimbia. Maji napiga wewe sana wapi, mbele ama nyuma?"

"Mbele."

"Sasa, dunia pia nakimbia. Hiyo vitu kidogo itapiga yeye sana mbele. Itapunguza mbio yake, polepole, polepole, mwisho itaanguka kwa jua. Na mpaka leo haijaanguka. Uliza mzee, hiyo atajibu namna gani?"

Kisha akaniambia shule inafunguliwa Jumatatu, nije na godoro.

Baba alisimama kabla sijafunga mlango.

"Ulibaambia?"

"Nilimwambia yote, Papa. Alikatala."

"Alisikia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Kisha akauliza."

Nikamweleza habari ya kukimbia mvuani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akapapasa kifua cha koti lake, halafu akapeleka mkono mgongoni, akarudia tena kifuani. Macho yalimjaa machozi, nami nikajilaumu kwa kumwambia.

"Njo vile," alikubali mwishowe. "Kuko kosa. Tena kubwa." Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kongo.

Tangu tuvuke mpaka watu walikuwa wamempa baba turubai, maharage na pole. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amempinga.

"Twende," akasema, akivaa kofia. "Niko na kazi."

Alinitangulia barabarani karibu anakimbia. Kama nimepata nafasi aliniuliza tukiwa tumeshakaribia Nakivale.