Ukuta wa Xi'an na Tembe Letu

Enzi zetu kule Ilongero, kabla simu hazijawafundisha watoto kila kitu isipokuwa kuwaamkia wakubwa, dunia yetu ilikuwa kalenda moja. Baba aliipata dukani mjini Singida, akaitundika sebuleni, na mwaka ulipoisha hakuishusha. Ilikuwa na picha ya Xi'an, mji mkuu wa kale wa China: ukuta mpana umeuzunguka mji, mnara wa kengele katikati, na milima ya Qinling kwa mbali upande wa kusini.

Sisi watoto wa wafugaji tulijua tunachokiona. Lile lilikuwa boma la ng'ombe! Tulibishana hadi kushikana mashati, mfalme wa pale ana ng'ombe wangapi, na fisi wa huko wakubwa kiasi gani hata wajengewe ukuta wa vile. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Ndani ni udongo ulioshindiliwa, kama huu wetu," alisema. "Matofali ni nguo tu. Haya, pandeni juu mfanye kazi."

Maana kila mwaka kabla ya mvua tulipanda juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, tukalikandika upya. Mama alitupandishia ndoo za udongo na samadi, nasi tukakanyaga kwa miguu huku tukiimba. Raha iliyoje! Watoto wa leo ukiwaambia wakanyage samadi watakuomba glovu.

Leo tangu asubuhi situlii. Nakaa, nasimama, natoka uani, narudi. Mdogo wangu Elia, anayeishi kwenye tembe lile, anataka kulibomoa ajenge nyumba ya bati, na mimi mkubwa ndiye ninayesubiriwa niseme neno.

"Kaka, wewe unalala kwenye bati huko Unyambwa," aliniambia kwa simu. "Anayevujiwa ni mimi."

Kisha akapiga simu binti yangu Neema, anayesoma huko huko Xi'an.

"Shikamoo baba. Leo nimeendesha baiskeli juu ya ukuta! Wenzangu wameniuliza kwetu tuna nini cha kale, nikawaambia nyumba ya babu. Nitumie picha."

Nimezunguka uani mpaka miguu imeuma. Xi'an imekaa karne na karne kwa sababu kila kizazi kilipata watu wa kuukarabati ukuta ule. Sisi tulishuka kwenye paa letu mmoja mmoja, tukaenda mjini, na hakuna aliyepanda tena.

Nimempigia Elia. Nimemwambia abomoe, ila anisubiri kwanza nifike na simu yangu nipige picha.