Kuitafuta Zahanati ya Baba Bungeni

Baba alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafungua duka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayefukuza kuku, kisha akasema mbunge anakuja kijijini Jumamosi na safari hii hachomoki. Alitaka nimtafutie maneno ya waziri yaliyosemwa bungeni kuhusu zahanati yetu, niyachape, nimletee.

Nina steshenari Segese. Wateja wangu wengi ni wachimbaji: natoa kopi za vitambulisho, nachapa maombi ya leseni, naandika barua za watu wanaogombania maduara, yale mashimo ya dhahabu. Kijiji chetu kiko mbali na hapo, ndani kidogo kutoka barabara ya Tinde. Huko baba aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji kwa miaka mingi, na mwaka mmoja wakati wa kuvuna pamba alisikia redioni, kwa masikio yake, kijiji chetu kikitajwa bungeni na zahanati ikiahidiwa. Watu walikuwa wameshajijengea kuta kwa nguvu zao, na serikali ingemalizia. Kuta zipo hadi leo, hazina paa, mbuzi ndio wanaolala humo.

Kila mkutano baba alisimama na kusema ahadi ni deni, wametudanganya. Mwanzoni watu walimwitikia. Baadaye vijana wakamwita Mzee wa Redio, na mwenyekiti wa sasa, ambaye baba alimfundisha hata kushika jembe, akasema mbele ya watu kwamba hakuna karatasi yoyote inayoonyesha ahadi hiyo, labda mzee aliota. Baba hakula siku ile. Aibu ile ndiyo iliyomfanya anipigie.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo baba hakulitaja, na hakuwa na haja ya kulitaja. Mwaka uliofuata ahadi ile mama alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye baiskeli kupelekwa Tinde, akajifungulia njiani. Mtoto hakufika. Angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Miaka yote hiyo nyumbani kwetu tulijua wa kulaumiwa ni nani: ni serikali.

Mimi si mtu wa subira, na nilidhani ni kazi ya nusu saa. Wapi! Taarifa za Bunge zipo mtandaoni, kweli, lakini kila siku ya kikao ina faili lake, na faili moja linaweza kukumalizia bando na macho. Nilianza kutafuta kwa jina la mbunge wetu wa wakati ule. Hakuna. Nikatafuta kwenye majibu ya wizara ya afya. Hakuna. Nikapitia hata taarifa za kamati, nikasoma kurasa na kurasa za maji na barabara za watu wengine. Siku ya pili ndipo nikagundua kwamba zahanati za vijijini hujibiwa na ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Nikajitukana, nikaanza upya.

Mchimbaji mmoja, matope yamemfika magotini, alikuwa anasubiri kopi yake.

"Dada, unasoma nini hapo mpaka umekunja uso hivyo?"

"Nasoma Bunge."

"Kuna dhahabu humo?"

Nikamwambia ni kama duara lao tu, unachimba wee, unatoa mawe matupu. Akacheka, akasema basi usiache, mwamba unakaribia. Nilimtoza kopi yake nikarudi kwenye faili.

Kilichonisaidia ni pamba. Pamba kwetu huvunwa wakati wa Bunge la bajeti, kwa hiyo niliacha kutafuta majina nikasoma vikao vya miezi hiyo kimoja kimoja, sehemu ya maswali tu. Alhamisi mchana nikakiona kijiji chetu. Mbunge wetu hakuwepo siku hiyo, swali lake liliulizwa kwa niaba yake na mbunge wa mkoa mwingine kabisa, likawekwa chini ya jina la huyo, ndiyo maana nilikuwa nalikosa. Jibu la naibu waziri lilikuwa vilevile kama baba alivyolisimulia miaka yote: serikali inawapongeza wananchi, na boma lile la zahanati litamaliziwa mwaka wa fedha unaofuata. Mwishoni mwa jibu, kwenye mabano, wameandika Makofi. Niliruka, nikapiga kigelegele peke yangu dukani.

Kisha nikasoma ukurasa wa pili.

Baada ya makofi kulikuwa na swali la nyongeza. Mwulizaji alitaka kujua ni nini kinahitajika ili jambo lisikwame. Naibu waziri akajibu kwamba kijiji kiitishe mkutano mkuu, kiandike muhtasari wa kuikabidhi ardhi ile kwa halmashauri, kiupeleke kabla mwaka haujaisha. Bila muhtasari huo, halmashauri isingeweza kuliingiza boma kwenye mpango. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa baba. Nilikulia kwenye nyumba ile, na sikuwahi kusikia neno muhtasari hata siku moja.

Nitasema ukweli, nilifikiria kuchapa ukurasa wa kwanza peke yake. Nani angejua? Nilikaa na wazo hilo mpaka jua linaanza kushuka, na wateja wawili niliwafokea bila kosa. Mwishowe nikachapa zote mbili.

Ijumaa nilimkuta mama uani anakata viazi vya kuanika michembe, na baba ameshavaa miwani ananingojea. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, majirani wasikie. "Gashi!" akapiga goti lake. "Nani anaota sasa? Gete, kesho watanitambua!"

Nikampa wa pili. Huo aliusoma kimya. Akaurudia. Akavua miwani.

"Nilisikia makofi," alisema. "Nikajua jambo limefungwa. Nikazima redio ili betri zisiishe, nikakimbia kuwaambia watu."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwenye mikutano ya kwetu makofi yakishapigwa, hoja imepita. Anayeongeza neno baada ya hapo anaonekana mkorofi, anayetaka kuharibu kilichokubaliwa. Baba alilisikiliza Bunge kama anavyousikiliza mkutano wa kijiji.

"Na huo muhtasari?" nikamuuliza.

"Tungeandika muhtasari wa nini, ng'wanone, mwanangu, wakati waziri ameshasema?"

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama. "Hayo yalisemwa kabla ya yule mtoto?" aliuliza.

"Kabla," baba akasema.

Mama akaweka kisu juu ya viazi, akaingia ndani. Jioni ile hakumsemesha baba, na mimi pia nilimkasirikia. Nilikasirika kwa miaka yote aliyotufundisha kulaani watu wa mbali, na papo hapo nilimwonea huruma.

Asubuhi nilidhani hataenda. Lakini alivaa koti lake la kanisani na kunidai zile karatasi. Mama alikuwa nyuma yetu, akasema neno lake la kwanza tangu jana: "Mficha uchi hazai. Kasome zote."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji alikuwa amesafiri, nikaombwa mimi niandike. Zamu ya maswali ilipofika, vijana wakaanza kunong'ona, Mzee wa Redio huyo. Baba akasoma ukurasa wa kwanza, minong'ono ikakoma. Akasoma na wa pili, taratibu, hakuruka hata neno. Kisha akasema, "Mwenyekiti wakati ule nilikuwa mimi. Muhtasari sikuupeleka. Niliwaambia mmedanganywa, kumbe aliyewakosea ni mimi. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyemzomea. Mwenyekiti wa sasa aliinamia viatu vyake. Mbunge ndiye aliyecheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, akanyanyua mikono. "Mnaona, ndugu zangu? Serikali ilikuwa tayari, tatizo lilikuwa hapahapa kwenu!"

Mama alisimama kutoka upande wa wanawake. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kwenye mkutano.

"Mheshimiwa, shikamoo yako uliipata ulipofika, kwa hiyo sasa nisikilize. Usicheke. Mtoto niliyezika ni wangu, na huyu mzee amesema lake mbele za watu. Sasa sema lako. Muhtasari tukiuandika leo, unaupeleka halmashauri lini?"

Mbunge akaanza kueleza taratibu, vikao, bajeti, wataalamu.

"Lini?" mama akauliza.

Akataja siku.

"Rudia polepole," mama akasema. "Binti yangu anaandika."