Mchawi Asiyeitikia Shikamoo

Mimi shule niliishia darasa la nne na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nyumba ninayokaa, hapa juu ya barabara ya kwenda Mlalo, nimeijenga kwa kabichi na pilipili hoho. Tofali za kuchoma, bati la rangi, baraza pana la saruji ambalo mtu akikaa anaona bonde lote. Watu wakigombania mpaka wa shamba wananiita mimi. Kanisani ni mzee wa kanisa, nakaa benchi la mbele. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani aliyefanya jambo hili. Lingefanywa na mlevi wa kilabuni, ningecheka kama wengine.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alisoma Dar es Salaam akarudi kwangu na kazi ambayo mpaka leo nikiulizwa sokoni natafuna maneno. Anatunga mchezo. Si bao, si karata, na si wa kwenye simu. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani wa hadithi: huyu mpiga upinde, yule mhunzi, mwingine mwizi. Mjukuu wangu ndiye msimulizi. Anawaambia wako wapi na kimewatokea nini, wao wanasema wanafanya nini, na jambo likiwa gumu wanarusha dadu. Zile dadu si za nyuso sita tunazozijua. Zina nyuso nyingi, kama jiwe lililochongwa na fundi asiyejua kuacha.

Wenzake wawili walikuja kumsaidia kuujaribu, kijana wa kiume na msichana, wote wa mjini, wote na adabu. Walikula ugali wangu na kunisalimia kila walipopishana nami, hata nikitoka chooni.

Siku moja mjukuu akanifuata barazani na karatasi zake.

“Babu, nimekwama kwenye adui.”

“Adui yupi? Nikamshitaki?”

“Wa mchezo, babu. Ni mchawi. Sasa michezo ya wenzetu, mchawi ananyoosha kidole, moto unatoka, mtu kaungua. Mimi sitaki huyo. Nataka wa milimani kwetu. Anafanya tambiko polepole, hatua kwa hatua. Akilimaliza tu, mlima unashuka juu ya kijiji. Kwa hiyo mashujaa lazima wamkatize kabla hajamaliza. Wamkatize kwa kitu gani?”

“Wampige rungu.”

“Hilo kila mtu atalifikiria.”

Hapo ndipo aliponipata. Mimi mtu akiniambia jambo langu kila mtu atalifikiria, silali. Nikakaa vizuri kitini.

“Sikiliza,” nikamwambia. “Mtu wa kazi hizo anachota maji chemchemi alfajiri, peke yake. Anaweka tawi la vumbasha juu ya chungu maji yasimwagike. Kuanzia pale mpaka afike anapokwenda, haongei. Si kuongea tu, hata salamu haitikii. Akiitikia, maji yale yamekuwa maji ya kupikia maharage.”

“Hata shikamoo?”

“Hata shikamoo.”

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. “Babu! Wanampigia shikamoo!”

Vijana wakaja mbio. Yule wa kiume alicheka mpaka akapiga meza. Mashujaa wana panga, wana mishale, lakini silaha inayomshinda mchawi ni shikamoo! Kila raundi shujaa mmoja anamsalimia, na mchawi anarusha dadu kuona kama ataweza kukaza mdomo. Nami nikanogewa. Nikaongeza kanuni yangu: “Akisalimiwa na mgeni, anaweza kukaza. Akisalimiwa na mtu mzima mwenzake, ni vigumu. Lakini akisalimiwa na wa damu yake, aliyemlea mwenyewe, huyo hamwezi. Hapo dadu isirushwe.”

“Babu, wewe umezaliwa kutunga,” msichana akasema.

Sikumwambia kwamba sikutunga. Niliyekuwa namweleza ni dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu sana. Mama alipokuwa shambani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na nilipougua surua yeye ndiye aliyelala nami. Mambo ya wazee wetu, yale ya baba na babu, yamebaki kwake. Anaishi chini kidogo ya barabara, nikisimama barazani naona paa lake. Hatukugombana. Alikuja kuniomba mbuzi wa kumtambikia baba, nami nikamjibu mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwangu kwamba mzee wa kanisa hali meza moja na mizimu. Wakaguna kwa kunisifu. Yeye akasema haya, akaenda. Toka siku hiyo nikimwona njiani nilikuwa nageukia simu, au najifanya nahesabu magunia. Misimu kadhaa ya mahindi ikapita sijampigia shikamoo dada yangu.

Basi asubuhi moja tumekaa barazani, chai na viazi vitamu, vijana wameujaribu mchezo na mchawi wao ameshindwa mara mbili, kila mtu ana furaha. Nikamwona dada anapanda kutoka bondeni. Chungu kichwani, tawi juu yake, macho mbele. Njia yake inapita chini ya baraza langu pale pale.

Yule kijana akasimama. “Babu! Si kama yule wetu?”

“Ndiye mwenyewe,” nikasema. Nilikuwa natafuta sifa. “Hata umpigie tarumbeta hageuki.”

“Kweli?”

“Jaribu.”

“Mimi? Siwezi, babu. Mama wa watu yule.”

Mjukuu wangu akaweka kikombe chini. “Babu, acha. Yule ni bibi.”

Kijana na adabu zake alikataa. Msichana alitazama chini. Nani alibaki? Mimi, mwenye baraza. Nami kanuni ya damu nilikuwa nimeitoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikajifanya nimeisahau. Kusema kweli, ndani yangu kulikuwa na mtu aliyetaka kuona kama dada bado ananihesabu kuwa wa damu yake.

Nikasimama kwenye ukingo wa baraza, nikapaza sauti kama ninayeita gari.

“Shikamoo, dada!”

Akasimama. Alisimama muda, mkono mmoja kwenye chungu, bila kugeuza shingo. Midomo ikatingishika. Halafu akageuka mwili mzima, polepole kwa sababu ya mzigo, akaniangalia.

“Marahaba, mdogo wangu,” akasema. “Marahaba. Hujambo? Wa kwako hawajambo?”

Nyuma yangu kijana akaropoka, kama walivyozoea mezani, “Tambiko limevunjika!” Kisha akajiziba mdomo.

Dada akatua chungu. Akaondoa tawi, akakiinamisha, akayamwaga maji yote kwenye mfereji wa barabara. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayemwaga maji aliyooshea vyombo.

“Shemeji yako anatoka hospitali leo,” akaniambia. “Nilitaka yatangulie mlangoni kabla hajaingia. Lakini nisingeweza kukunyamazia wewe.”

Akajitwika chungu kitupu akateremka kwake. Nilisikia mjukuu anakusanya vikombe kwa nguvu.

“Babu, mimi nilidhani umetunga,” alisema. “Ulipaswa kuniambia ni yeye.”

“Ningekwambia ungeyaacha.”

“Ndiyo. Ningeyaacha.”

Mchana gari lilimleta shemeji. Miguu ilikuwa bado imevimba, anatembelea fimbo, kitambulisho cha hospitali bado kiko mkononi kama bangili. Nilishuka na mjukuu kumpokea. Dada alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ameshika fremu huku na huku.

“Leo huingii,” alimwambia mumewe.

“Mama watoto, nimelazwa na watu wanaokoroma, nimekula uji usio na sukari, na kwangu siingii?”

“Maji yamemwagika. Mpaka kesho.”

“Nani kayamwaga?”

Nilisubiri kidogo nione kama dada atanisaidia kwa kunitaja. Hakunitaja. Ikabidi nijitaje mwenyewe.

“Mimi, shemeji. Nilimsalimia akiwa nayo.”

Shemeji ni mtani wangu toka alipomwoa dada. Alinitazama juu mpaka chini, viatu vyangu vya ngozi, koti, kofia.

“Mghoshi,” akasema, na hilo ndilo jina tunaloitana wanaume wa huku, “miaka yote hii unampita kama mwiba, halafu siku ya maji yangu ndiyo unakumbuka adabu?”

Vijana waliokuwa wakishusha mizigo garini wakacheka. Nilijaribu kucheka nao, ikashindikana. Nikasema atalala kwangu.

“Nitalala. Na kitanda kile kikubwa. Na wewe utaniosha miguu, maana aliyekuwa aioshe umemharibia kazi.”

Hakuwa anatania. Dawa ya hospitali ilikuwa ya kuoshea kwa maji ya uvuguvugu, na nyumba nzima yenye bati la rangi ilimwona mwenye nyumba amechuchumaa na beseni. Alikuwa ananung'unika maji ya moto, maji ya baridi, hapo usibane. Nilikuwa sijamgusa mtu mguu toka watoto wangu walipokuwa wadogo.

Lakini lililoniuma zaidi lilitokea kabla hatujapanda. Pale uani kwa dada, mimi nikisikia, mjukuu wangu alipiga magoti akamweleza. Hakuficha. Alimwambia kuna mchezo, kuna mchawi, na mchawi huyo ana chungu chako na tawi lako na kimya chako, bibi, na watu wanamshinda kwa shikamoo.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Mchezo haukumkasirisha. Aliuliza kama dadu zile zinapatikana Lushoto. Kisha akauliza, “Na huyo bibi yenu anataka nini?”

“Anataka kijiji kiangamie, bibi.”

“Kijiji cha nani?”

“Chake.”

“Walimfanya nini?”

Mjukuu akafungua karatasi zake kama jibu liko humo. “Hatujaweka, bibi. Ni adui tu.”

“Nani aliwapa maneno haya yote nanyi msiulize hilo?”

Mjukuu aliniangalia. Dada naye akaniangalia. Mimi nikaangalia bondeni. Nilikuwa nimetoa chungu, nimetoa tawi, nimetoa kanuni ya damu, na yule mchawi sikumpa hata mgonjwa mmoja wa kumchotea maji. Mpaka leo ninapoandika, mjukuu hajamaliza kumtengeneza adui yule. Kila akijaribu, anasema, mchawi anakuwa na mume.

Asubuhi yake niliamka kabla ya shemeji. Sikumwambia mtu. Nikashuka njia ya chemchemi nikasimama panapokutana na barabara, maana kipindi kile watu wamekwishatoka: wanafunzi, wanawake wa maziwa, vijana wanaopakia karoti kwenye fuso. Dada anapita kati yao wote, na hakuna mtu wa Usambara atakayempita mama mzima bila kumsalimia.

Alipotokea na chungu nikatangulia mbele yake hatua chache. Kila niliyekutana naye nikamwahi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huyo nyuma usimsalimie. Pisha tu.”

“Kwa nini, mzee?”

“Amebeba maji.”

Watu wazima walielewa mara moja, wakaweka mizigo chini wakatazama pembeni. Watoto wa shule walielewa nusu, wakafinyana. Vijana wa karoti walielewa kupita kiasi. Nilisikia mmoja akisema, “Leo mzee wa kanisa ni tarishi wa mizimu,” na wenzake wakabana kicheko. Nilimjua baba yake. Siku nyingine ningemkemea. Nikaenda.

Kwenye kona akatokea mwinjilisti wetu na pikipiki, amevaa suruali ya kitambaa na kofia ngumu ya pikipiki, anakwenda kwenye kipaimara. Akapunguza mwendo, akainua mkono, tayari mdomo umefunguka kwa dada. Nilimsimamisha katikati ya barabara kwa mikono miwili.

“Usimsalimie.”

“Mzee? Kuna msiba?”

Ningeweza kusema dada anaumwa koo. Nilikuwa nimelifikiria toka nilipomngoja dada, limekaa mdomoni limeiva.

“Hapana. Ni maji ya tambiko,” nikasema. “Jana niliyaharibu mimi. Leo nayasindikiza.”

Alizima pikipiki. Nikasikia miguu ya dada kwenye changarawe, akipita kati yangu na mwinjilisti, macho mbele, tone moja likimteremka shavuni kutoka kwenye chungu. Yeye alivua kofia yake, sijui kwa heshima au kwa joto. Aliniambia tutaongea. Nikamwambia tutaongea.

Shemeji alikuwa ameshateremshwa na mjukuu, anangoja uani amekalia gunia. Dada alinyunyiza kizingiti, akanyunyiza pembe za chumba, nasikia tawi linavyopiga ukuta. Alipomaliza akatoka, akaweka chungu chini, na neno lake la kwanza asubuhi ile akampa mumewe.

“Karibu kwako.”

Nilimwinua shemeji kwa kwapa nikamfikisha mlangoni, pale mjukuu akampokea wakaingia. Fimbo yake ilibaki mkononi mwangu. Ndani nilisikia kiti kinavutwa, sufuria, shemeji analalamikia uji wa hospitali, mjukuu anacheka. Hakuna aliyesema niingie na hakuna aliyesema nisiingie. Nilisimama uani na fimbo ya mtu mwingine, barabarani juu mwinjilisti bado hajawasha pikipiki.