Wimbi Lenye Meno

Chekeni tu, nimeshazoea, maana siku hizi Izimbya sipiti mpaka nivute kofia hadi puani.

Nilikuwa msaidizi wa mtafiti mmoja, dada msomi aliyetoka kusikiliza pomboo baharini (huko, alisema, unazamisha maikrofoni na kamera pamoja, ukisikia mlio unaangalia picha, unajua ni pomboo yupi aliyeongea), sasa akataka ziwani kwetu tujue ni samaki gogogo yupi anayesema "go-go-go". Gogogo sisi tunamjua kwenye sufuria, lakini posho ni posho, nikawa mtaalamu.

Siku ya kwenda kisiwa cha Goziba, Ma Koku wa Izimbya, mama wa mchumba wangu Koku, akanipa mfuko wa senene wa kukaanga nimpelekee mwanawe wa kiume anayevua huko. Na posa yangu ilikuwa mikononi mwake, inasubiri jibu! Mimi nikawasha mitambo tukiwa bado ufukweni ili nionekane makini, kamera na maikrofoni nikavilaza miguuni, tukaondoka, na katikati ya ziwa nikasema nionje mmoja. Mmoja! Senene hana mmoja, ndugu zangu. Tulipofika, mfukoni ilibaki chumvi.

"Mama, wimbi liliuchukua," nikamwambia Ma Koku niliporudi. Masikini, akanipa pole.

Wiki iliyofuata mtafiti akaalika watu ukumbini Bukoba mjini, na mimi kwa kiherehere changu nikamketisha Ma Koku mbele kabisa, aone mkwe msomi. Nikawawekea sauti niliyoichagua mwenyewe (picha yake sikuhangaika kuiangalia): kra, kra, kra.

"Hapo gogogo anatetea eneo lake," nikatamka. Makofi!

Mzee mmoja mvuvi akanyoosha mkono. "Waitu, ndugu yetu, mbona huyu kama anatafuna?"

"Swali zuri," akasema mtafiti. "Tuoanishe na picha."

Mawe, mama yangu! Ukuta mzima ulikuwa mdomo wangu, umepigwa kutoka chini, senene nusu ndani nusu nje, kisha sauti yangu, safi kabisa: "Aisee, huyu mama anajua kukaanga!"

Watu walicheka mpaka wakashika viti. Ma Koku akasimama, akafunga kanga yake polepole.

"Kumbe wimbi lina meno," akasema, akatoka.

Tangu hapo, kabla sijawasha mtambo wa kumtafuta anayepiga kelele, kwanza nafunga mdomo wangu. Koku nikimpigia simu anaitika "kra, kra, kra," anakata. Na mshenga wangu karudi na mfuko mtupu: eti jibu la posa lipo, ila mkwe aujaze senene kwanza kwa mikono yake. Nami nimekaa nao hapa Buhembe, kila jioni naangalia juu, na msimu wa senene kuruka bado.