Losheni Iliyoniumbua Kanisani

Acha niungame: mimi, fundi seremala wa Nyamache, hutembea na losheni ya uso mfukoni. Chunusi zilinitesa miaka mingi nikijipaka mafuta mazito, hadi dada wa duka la dawa Nyamira aliponiambia, "Ngozi yako ina mafuta tayari. Osha kwa sabuni laini asubuhi na jioni, kisha upake losheni nyepesi." Uso ukatakata. Mafundi wenzangu walipouliza siri, niliwadanganya, "Maji baridi tu."

Sabato iliyopita, nikitoa kitambaa nifute jasho, losheni ilianguka miguuni pa mzee wa kanisa. Akasoma kwa sauti, "Ya ngozi yenye mafuta!" Mafundi wenzangu waliokaa nyuma yangu wakaangua kicheko. Mzee akanirudishia, akaninong'oneza, "Na sisi wenye ngozi kavu tupake nini?"

Nikamweleza kama daktari.